Maneno ya Chini ya Picha

Tarehe 3 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya soksi. Chumba changu kiko juu ya duka la kufulia nguo. Mashine zikianza kuzunguka, kitanda nacho kinatetemeka. Mwanzoni nililalamika, sasa nimezoea. Ni kama kuna mtu nyumbani.

Naandika kwa kalamu kwa sababu uliniambia simu yako siku hizi ina mwangwi. Kama kuna anayetusikiliza, basi afungue na bahasha, aone mwandiko mbaya ulivyo.

Baba, filamu imekwisha. Miaka minne! Sauti tumeimaliza hapa studio mwezi uliopita, na sehemu ya mwisho nimeikata upya peke yangu, hata mpiga picha wangu hajaiona. Nakala moja tu imetoka mkononi mwangu, ile niliyoituma Bodi ya Filamu kuomba kibali. Jibu lao limekuja: hawawezi kuruhusu kitu wasichokielewa. Dakika tisini za lugha ya shangazi, na katika jengo zima la ghorofa sita hakuna hata mfagizi anayeijua. Nikawaambia tafsiri ninayo, nimeiandika mwenyewe. Wakasema mwenye mzigo hajipimii. Watamtafuta mkalimani wao, aliyeapishwa, na maneno yake ndiyo yatakayoandikwa chini ya picha.

Wewe umekaa ofisi ya ardhi miaka yote ile, unawajua watu wa serikali. Huwezi kuniulizia ni nani huyo? Nataka tu kujua kama ni mtu wa kusikia, au ni wale wa kugonga mhuri.

Na jingine, najua utakunja uso. Nenda ukamwone shangazi. Ni saa nne tu kwa gari. Katika filamu anacheza yeye mwenyewe, anasimulia mwaka walipohamishwa kupisha bwawa, na Baba, ukimsikia! Tangu nizaliwe sijawahi kukuona umekaa naye chumba kimoja. Hata msiba wa Mama alikuja asubuhi, wewe ukatoka kwenda kununua maji. Nilikuuliza kwa nini, ukasema lugha umeisahau na huna la kuongea naye. Mtu anaweza kuisahau lugha ya mama yake kweli?

Nimekukumbuka. Nimekumbuka hata unavyokohoa kabla ya kusema jambo usilotaka kulisema.

Mwanao,
Chiriku

—

Tarehe 21 Februari

Kwako mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeipokea na kuisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya mwandiko.

Mimi ni mzima. Goti linaniambia mvua itanyesha kabla ya redio, na mara nyingi goti ndilo linalopatia. Bomba la jikoni nimelitengeneza. Kiti cha mama yako nimekisogeza karibu na dirisha, maana mchwa walikuwa wameanza kukizoea. Sikikalii. Nakiangalia tu kisije kikaharibika.

Kuhusu Bodi, nimeuliza kwa kadiri mzee mstaafu anavyoweza kuuliza. Mkalimani wamempata. Ni mtu mzima. Nakuomba usimfikirie vibaya kabla ya wakati. Mkalimani ni kizingiti: wanaoingia humkanyaga, na wanaotoka humkanyaga. Hakuna anayemuuliza yeye anakwenda wapi.

Kuhusu shangazi yako, barabara ni mbovu na goti nimeshakueleza.

Lakini nami nina swali. Yule mama anapofunga mlango kwa ufunguo, anajaribu kitasa mara mbili, na huku anajua kwamba mwezi haujaisha nyumba itakuwa chini ya maji, nani alikupa jambo hilo? Ni kweli kabisa. Watu walifunga milango. Nimekaa nalo siku kadhaa.

Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi. Nyumba hii tuliijenga ikiwa ndogo, sasa sijui nani ameiongeza ukubwa. Natoka sebuleni kwenda chumbani naona ni safari.

Baba yako

—

Tarehe 15 Machi

Shikamoo Baba,

Kibali kimetoka! Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la chini akapanda kuniuliza kama kuna moto.

Halafu nikasoma tafsiri waliyoiambatisha, na sasa sina hata hamu ya kula. Ngoja nikunukulie, uone watu walivyo.

Shangazi anasema: "Walitufukuza kama kuku kwenye mtama." Chini yake imeandikwa: "Tulihama kwa utaratibu."

Shangazi anasema: "Maji yamemlalia mama yetu kifuani." Chini: "Bwawa liko karibu na makaburi ya zamani."

Na pale ninapopapenda kuliko pote, ambapo anatazama pembeni kidogo, anasema: "Aliyetusomea amri alikuwa mtoto wetu. Nilimbeba kwa mgongo huu." Siku tulipopiga picha hiyo nilimuuliza mtoto huyo ni nani. Akaniambia, zima mashine yako. Basi chini yake huyo bwana ameandika: "Mwenyeji mmoja alitusaidia kuelewa."

Alitusaidia kuelewa! Baba, angekuwa hajui lugha ningemsamehe. Lakini anaijua. Kuna sentensi moja ya shangazi, ya kizamani, mimi mwenyewe nilikuwa nimeikosea, na yeye ameipatia. Anaijua kuliko mimi, amesikia kila kitu, kisha akakaa chini akapaka sukari. Mtu huyu ameuza ulimi wake, na hata simjui jina nimlaani vizuri. Natumaini kila akifungua mdomo kula, analisikia lile neno alilolimeza.

Masharti yao: onyesho moja tu kwanza, tarehe 5 Aprili, ukumbi wa halmashauri kule Makazi Mapya kwa shangazi, na maneno hayo yawe chini ya picha jinsi yalivyo. Nilitaka kukataa. Nimeandika barua ya kukataa, nimeichana. Shangazi ameshashona gauni. Ana miaka sabini na sita na hajawahi kujiona akitembea. Nitamwambia nini, kwamba mwanao ana kiburi?

Basi itaonyeshwa. Mimi nitakuwa huku nasikiliza mashine za kufua.

Nenda wewe, Baba. Nenda kwa niaba yangu. Kaa nyuma kabisa ukitaka.

Mwanao mwenye hasira,
Chiriku

—

Tarehe 7 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni fundi cherehani, jirani yangu. Maneno ni yangu, makosa ni yake. (Si kweli. Mimi, fundi.) Umeona? Nimemwambia asiingize ya kwake.

Onyesho limefanyika. Turubai lao lilikuwa limechanika, tukatundika shuka langu jeupe, lile nililopewa kwenye harusi ya binti wa fundi. Viti havikutosha. Wazee walikaa mbele, wakwe wakabanana na wakwe, heshima ikawekwa pembeni kwa siku moja. Nilivaa gauni.

Nilipotokea kwenye shuka nikatoa salamu, ukumbi mzima ukaitikia. Wazee wale! Wakanijibu mpaka mwisho, na mimi kule juu nikanyamaza kama ninawasubiri. Sijui uliipimaje hiyo. Ila wewe mtoto, mbona hukuniambia nina shingo ya kobe? Ningevaa mtandio.

Afisa wa serikali alikaa katikati na daftari, macho chini, anasoma. Sisi hatukusoma hata neno moja. Wengi wetu hatujui kusoma, na wanaojua walikuwa wanatazama juu. Yalipotokea maji, wanawake wakaanza kutaja watu wao walioko chini. Mmoja anataja, mwingine anapokea. Hakuna aliyepanga. Wazee wa kiume walilia, tena wale wakaidi.

Picha ilipokwisha, afisa akanijia. Akasema, "Mama, nieleweshe. Hapa pameandikwa 'tulihama kwa utaratibu.' Mbona ndipo watu walipolia?" Nikamwambia, "Mwanangu, utaratibu unaliza." Akaandika hilo. Akaandika na mengine mengi. Sikupenda alivyoandika.

Sasa nikuambie. Baba yako alikuja. Hakuingia. Alisimama nje, dirisha la tatu, kofia mkononi. Nilimjua kwa mabega, nimeyafunga kwenye kanga mabega yale. Filamu ilipofika kwa yule mtoto wetu aliyetusomea amri, niligeuka kutazama dirishani. Palikuwa na dirisha tu.

Usiniulize zaidi. Muulize mwenyewe. Mdomo wake si wangu.

Nakuombea. Ukija, njoo na kamera, kuna wazee wengine sasa wana wivu.

Shangazi yako

(Mama alikuwa mzuri sana kwenye shuka. Mimi, fundi. Hili hajui kama nimeliandika.)

—

Tarehe 27 Aprili

Baba,

Nimeisoma tena barua yako ya Februari.

Umeniuliza nani alinipa jambo la mama anayefunga mlango na kujaribu kitasa mara mbili. Sehemu hiyo niliiweka mwisho kabisa, hapa, chumbani kwangu. Mwezi ule aliyekuwa ameiona ni mtu aliyekaa kwenye chumba cha Bodi tu.

Niandikie ukweli. Usikohoe, andika.

Chiriku

—

Tarehe 16 Mei

Mwanangu,

Ni mimi.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, na sentensi hiyo fupi imenichukua mpaka saa sita. Zilizobaki nitaziandika haraka kabla moyo haujanigeuka.

Kabla hujazaliwa, kabla ya ofisi ya ardhi, nilikuwa mkalimani wa serikali kwa miezi michache. Wa lugha yetu tulikuwa watatu kwenye daftari. Wawili wamefariki. Jina langu hakuna aliyelifuta. Katibu wa Bodi alinipigia mwenyewe. Zamani tulikuwa tukipishana kwenye korido, yeye kijana, anajua nina binti na binti anafanya nini. Nilipofungua mdomo kumwambia, akanikatiza: "Mzee, mimi sikuulizi, na wewe usinijibu." Wewe kwenye filamu unatumia jina lako la kazi. Basi nikaapa, nikakaa.

Chumba ni kidogo, mapazia mazito, watu wanne, jagi la maji. Wanasimamisha picha baada ya kila sentensi, nami nasema, na msichana anapiga chapa. Sauti ya dada yangu ilipotoka kwenye spika, sentensi ya kwanza ilinipita. Wakadhani sikusikia vizuri, wakarudisha. Nilikuwa nimesikia. Ila nilikuwa sijasikia mtu akiongea nami kwa lugha ile kwa miaka arobaini na kidogo, na ikanipata nimekaa mkao mbaya.

Sasa lile jingine. Yule mtoto aliyewasomea amri ni mimi, na mgongo ni wake, dada yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, miezi mitatu kazini, suruali mpya. Mkuu wangu alitoa meza darasani akaiweka uwanjani, akaniambia panda. Nikapanda. Nikasoma: mna siku thelathini, mtabeba mnachoweza, makaburi hayahamishiki.

Watu wanadhani nilitetemeka. Sikutetemeka. Nilitafsiri vizuri, Chiriku. Hilo ndilo nisiloweza kumwambia mtu, hata mama yako nilimwambia nusu. Usiku uliotangulia nilikaa nikachagua maneno, maneno mazuri ya wazee, kwa sababu nilikuwa najivunia lugha yangu na nilitaka mkuu wangu aone watu wanavyonisikiliza. Na walinisikiliza. Angesoma mwingine kwa kigugumizi, wangepata pa kujifichia, wangesema labda hatukuelewa. Mimi niliwafungia kila mlango. Kaburi la mama yangu lilikuwa na mwaka mmoja.

Tangu siku ile lugha yetu sikuisema tena. Sikuisahau. Ilibaki mdomoni, nikafunga mdomo. Wewe ulipozaliwa nikakataza isisemwe nyumbani, nikasema itakuchelewesha shule. Mama yako, Mungu amrehemu, akakupeleka kwa dada yangu kila likizo bila kuniomba ruhusa, na mimi nikajifanya sijui mnakokwenda.

Unauliza kwa nini nilipaka sukari. Nilijiambia namkinga mwanangu. Nikiwapa maneno yalivyo, filamu inachomwa na wewe unawekwa kwenye orodha. Hilo ni kweli, na kwa sehemu kubwa ya dakika zile tisini ndilo lililokuwa kweli. Lakini mstari wa yule mtoto sikuulainisha kwa ajili yako. Huo niliulainisha kwa ajili yangu.

Barua yako ya laana niliisomea posta, nimesimama. Mtu akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, ni binti yangu ananisalimu.

Afisa wa Makazi Mapya ameandika ripoti: watu walilia mahali pasipo na cha kuliza. Bodi wameniita tena, tarehe 28, kwa kiapo. Wataniuliza kama tafsiri ni sahihi. Sijui bado nitasema nini. Ukipata barua hii siku hiyo itakuwa imepita, au itakuwa kesho.

Sikuombi kitu.

Baba yako

—

Tarehe 3 Juni

Baba yangu,

Barua yako imefika jana. Jana nzima nilikuchukia. Nilitembea mji mzima kwa miguu nikikutukana kwa lugha ya shangazi, kwa sababu matusi yake ni mazuri zaidi, na watu wakanipisha njia.

Leo asubuhi nimeamka nikaweka filamu, nikazima maandishi yote ya chini, nikaisikiliza tu kama ulivyoisikiliza wewe. Ilipofika pale, "Nilimbeba kwa mgongo huu," nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia katika miaka minne ya kuikata. Baba, shangazi hana hasira pale. Nilidhani ni hasira. Ni sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye mbali. Nimewahangaisha mafundi wa sauti juu ya mstari ule wiki mbili, na sikusikia hivyo mpaka nilipojua anamwita nani.

Sasa nisikilize. Sijui kama nimechelewa. Ikiwa bado hawajakuuliza, usiwaambie. Najua nilivyoandika Machi. Nilikuwa nadai ukweli kwa gharama ya mtu nisiyemjua. Sema masikio yamezeeka, sema goti, sema lugha imebadilika. Acha maneno yako yabaki chini ya picha, waliotakiwa kusikia wanasikia, shangazi ameniandikia. Filamu nitatengeneza nyingine. Baba sina wa akiba.

Umesema huniombi kitu. Msamaha wa watu wale si wangu kuutoa, nenda kauombe kwa wenyewe. Wangu mimi chukua. Chukua wote, usibakize. Ulininyima lugha, halafu ukajifanya hujui tunakokwenda kila likizo. Baba, hakuna mtu asiyejua watoto wake wanakokwenda kwa miaka kumi mfululizo. Uliniacha niende. Nimelifikiria hilo leo kutwa.

Nina ombi moja. Siku nikija, usinipokee kwa lugha hii tunayoandikiana. Nipokee kwa ile. Nataka kusikia sauti yako ikoje humo ndani.

Natamani kuja hata kesho. Natamani kukaa pale jikoni nikusikie unavyogombana na bomba.

Wako,
Chiriku

—

Tarehe 10 Juni

Mwanangu Chiriku,

Barua yako bado haijafika, kwa hiyo sijui umeamua nini juu yangu. Nakuandikia tu lililotokea, kwa mpangilio.

Tarehe 28 nilikwenda. Chumba kilekile, jagi lilelile, ila watu walikuwa saba. Katibu hakunitazama. Mwenyekiti akaniuliza kama tafsiri niliyoitoa ni sahihi. Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njiani. Kisha wakaweka picha, dada yangu akatoa salamu, na mimi nikaitikia. Kwa sauti. Haikuwa mpango wangu, mdomo ulifunguka wenyewe. Wote wakageuka.

Nikamwambia mwenyekiti: si sahihi. Naomba ianze mwanzo.

Nilitafsiri dakika zote tisini. Kuku kwenye mtama, maji kifuani, kitasa, yote. Hakuna aliyekunywa maji. Tulipofika, "Aliyetusomea amri alikuwa mtoto wetu, nilimbeba kwa mgongo huu," nikaitafsiri neno kwa neno. Mkalimani haruhusiwi kuongeza lake, ni sheria ya kwanza tunayofundishwa. Nikaongeza. Nikasema, "Na ndiye anayewatafsiria sasa." Msichana wa kupiga chapa akauliza, hilo niliandike? Katibu akasema, andika.

Uamuzi wametoa siku ya tatu. Filamu imepigwa marufuku nchi nzima, isionyeshwe ukumbini wala sebuleni. Jina langu limefutwa kwenye daftari, na kila mwezi natakiwa kufika kituoni kuweka sahihi. Hilo si kitu, ni matembezi. Lenye uzito ni hili: wameandika kwamba mtengenezaji akiingia nchini atahojiwa na hati yake ya kusafiria itazuiwa. Katibu alinifuata mpaka kwenye ngazi akaninong'oneza, "Mzee, mwambie asije mwaka huu. Wala mwakani." Kwa hiyo nakuambia. Usije. Mkono wangu unaandika hivyo, wewe usiangalie mkono.

Nimekuharibia kazi ya miaka minne. Nimelipima jambo hili kila upande. Ulikuwa umetaka maneno yasemwe jinsi yalivyo, yamesemwa, na waliosikia ni watu saba na jagi la maji. Kama ungeniambia ninyamaze labda ningenyamaza. Sijui.

Jumapili nilikwenda kwa dada yangu. Kweli ni saa nne tu. Nilimkuta mlangoni anachambua maharage. Hakuinuka. Nikamsalimu kwa lugha yetu, na ulimi ulikuwa mzito kama mguu uliokufa ganzi. Akaniacha nisalimu mpaka nikamaliza. Akasema, "Umechelewa." Nikasema najua. Akasema, "Nasema chakula, kimekwisha," akaingia ndani kuniwekea kingine.

Anacheka nikiongea. Anasema naongea kama marehemu baba, maneno yangu yote ni ya watu waliokufa, hakuna aliyeyatumia miaka thelathini. Mengine alikuwa ameyasahau. Alinishika mkono akaniambia, lile la sasa hivi, lirudie. Nikalirudia. Fundi cherehani akaitwa aje asikie. Nikalirudia tena.

Hajaniambia amenisamehe, nami sikumuuliza. Kesho yake asubuhi alichukua fimbo akaniambia twende. Tulitembea polepole, goti langu na miaka yake, mpaka ukingoni mwa bwawa. Maji yalikuwa kimya, hayana hata alama. Alinionyesha kwa fimbo: pale shule, pale kwa kina nani, pale kwa mama. Mkalimani hakuhitajika.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza kama huko uliko unakula vizuri na kama una mtu. Nikamwambia hunielezi mambo hayo. Akasema, "Utayaelezwaje wewe, uliyekuwa umefunga mdomo?" Kwa hiyo nakuuliza sasa. Unakula? Una mtu? Chumba chako kina dirisha?

Barua zako huchukua wiki mbili na nusu. Nimehesabu. Kama uliandika ulipopata yangu, itafika karibuni. Hata kama ni ya kunikataa, nimeikubali, mradi iwe kwa mwandiko wako. Naenda posta kila siku baada ya chai. Karani ameshanizoea, akiniona naingia mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafika.

Mimi hufika dirishani hata hivyo.

Baba yako